UZI: Kifua kikibana usiku usingoje asubuhi, dawa za mshtuko wa moyo zina saa zake

NesiWaZamu

Assalam aleikum wanajamvi. Uzi utakuwa mrefu nnaomba mnivumilie, nimeuandika mara tatu nikaufuta, leo naumaliza. Mie ni nesi, nipo Pemba, nafanya zamu chumba cha dharura, na hili limenikaa rohoni tangu msimu wa karafuu uliopita.

Ami yangu, ndugu yake baba, miaka 61, presha hajawahi kupima na sukari hajawahi kupima, kwa hiyo ukimuuliza anakwambia hana. Siku hiyo alishinda kwenye karafuu zake mchana kutwa. Baada ya magharibi, kama saa 1 na nusu, akaanza kusema kifua kizito kama mtu kamlaza gunia juu yake, mkono wa kushoto unakufa ganzi, jasho linamtoka mpaka shati likarowa. Nyumbani wakasema gesi hiyo, kwani mchana alikula muhogo. Akapewa tangawizi. Akasuguliwa mafuta ya karafuu mgongoni. Mwengine akasema upepo, akaitwa mtu akasoma. Saa 3 usiku wakampeleka duka la dawa akapewa vidonge vya vidonda vya tumbo na akadungwa sindano ya diklofenaki takoni, akapata nafuu kidogo, akarudi akalala huku kakaa. Wakati wote huo mie nipo zamu, spitali, mwendo wa dakika 20 kwa gari, simu ipo kabatini. Nilipoitoa asubuhi nimekuta nimepigiwa mara 9.

Saa 3 asubuhi ndo wananiletea, natoka zamu, naiona gari ya jirani inaingia getini na ami yangu ndani, rangi yake kama jivu.

ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ilisoma wazi, mshtuko kwenye ukuta wa mbele wa moyo. Tukahesabu masaa: 13 na nusu. Sasa ile dawa ya kuyeyusha bonge la damu inatakiwa iingie ndani ya masaa 12 tangu maumivu yaanze, na faida yake hasa ipo kwenye masaa mawili matatu ya mwanzo, kila saa inayopita inapungua nguvu kwa sababu nyama ya moyo inakosa damu inakufa, na nyama ya moyo ikifa haioti tena. Alhamdulillah ami yu hai. Lakini analalia mito mitatu, akipanda ngazi mbili za baraza anapumua kama kakimbia, na shambani hendi tena, anakaa anawasikiliza wenziwe wanavyopita alfajiri na makapu yao.

Nimeleta uzi huu kwa sababu ile dawa ya kwanza kabisa, ambayo ilikuwa apewe saa 1 na nusu ile ile, ilikuwemo ndani ya duka lile lile alikokwenda kudungwa sindano. Asprini. Kidonge kimoja cha miligramu 300, au vile vidogo vya 75 vinne, kutafuna, sio kumeza na maji. Ukikitafuna kinaingia kwenye damu haraka, ukikimeza kizima, hasa vile vyenye ganda, kinakaa muda mrefu kabla hakijafanya kazi.

Nieleze kidogo kwa nini. Mshipa wa moyo hauzibi kwa siku moja. Mafuta yanajijenga ukutani mwa mshipa miaka na miaka, siku moja lile gamba lake linapasuka, damu inafahamu kuwa pana jeraha, zile chembe sahani zinakimbilia pale kuziba, zinashikana, zinaitana, nyuzi zinakuja kuzifunga pamoja, na katika muda mchache bonge limeshajaa mshipa. Mtaro wa masika mnaujua: taka kidogo zimekwama kwenye kona kwa muda wote huo na maji yanapita, kisha linakuja kumbi moja la nazi linakaa pale pale, na maji yako barazani. Asprini haiyeyushi bonge, wengi wanakosea hapo. Kazi yake ni kuzizuia zile chembe zisiendelee kushikana, bonge lisikue.

Na sio dawa ya kubahatisha. Mwaka 1988 ulitoka utafiti unaitwa ISIS-2, wagonjwa zaidi ya 17,000 katika nchi 16, wote wanashukiwa mshtuko wa moyo. Waliopewa asprini peke yake vifo vya moyo na mishipa vilipungua karibu robo kwa wiki tano za mwanzo. Waliopewa dawa ya kuyeyusha, streptokinesi, peke yake, pia karibu robo. Waliopewa zote mbili vilipungua asilimia 42. Kidonge ambacho pesa yake hainunui hata kikombe cha urojo.

Karibuni tuzungumze, na wakubwa zangu madaktari wanisahihishe nilipokosea.

Mkoani_Bandarini

Waaleikum salaam dada pole sana kwa ami yako. Suali langu, mama yangu ana vidonda vya tumbo kweli sio vya kukisia, kashapigwa kamera Unguja akaonekana navyo, sasa siku akisema kifua mie nitajuaje ni kidonda au moyo na hiyo asprini si itamuua?

NesiWaZamu

Suali zuri kaka. Hutojua. Hata mie kwa macho sijui, ndo maana kuna ECG. Maumivu ya moyo yanaweza kukaa hapa juu ya tumbo chini ya kifua mtu akaapa ni tumbo. Lakini angalia haya: yanakaa zaidi ya dakika kumi na tano hayaondoki, yanabana au yanaelemea badala ya kuchoma kama sindano, yanapanda shingoni, taya, bega au mkononi, jasho la baridi, kutapika, pumzi fupi. Yakikaa hivyo hesabu ni moyo mpaka spitali wakukanushe.

Kuhusu asprini na vidonda: mtu aliyewahi kuwa na vidonda, kidonge kimoja cha dharura faida yake kwa kawaida ni kubwa kuliko khatari. Asiyepewa ni anayetapika damu au anayekwenda choo cheusi kama lami siku hizi hizi, na yule ambaye asprini inamfura uso au inamuamshia pumu. Na kama uso umepinda, mkono mmoja hauinuki, maneno hayatoki, hicho kiharusi, usimpe asprini kabisa, inaweza kuwa damu inavuja kichwani. Mama yako kwa vile ana vidonda vya kweli muulizeni daktari wake sasa hivi akiwa mzima, mjue jawabu kabla ya siku yenyewe.

MuuzaDawa

Nasoma naumia kidogo maana sie wa maduka tunatajwa kama wauaji. Mie nina duka, sisemi wapi. Mtu anakuja saa 4 usiku keshakwambia mwenyewe "nipe ya vidonda", ukimwambia nenda spitali anakwambia gari hakuna, petroli ya watu watatu nani atatoa, na kesho ana kazi. Mie sina ECG. Nimpe nini? Anataka maumivu yatoke, diklo inatoa maumivu.

NesiWaZamu

Kaka yangu sikulaumu wallahi, aliyemdunga ami yangu alifanya alichokijua na alimuonea huruma. Lakini acha nikwambie kwa nini sindano ile ni mbaya kwa mtu huyu, kwa sababu hili hata spitali baadhi yetu tunalisahau.

Kwanza diklo na ibuprofeni ni dawa za familia moja na zina tabia ya kuongeza khatari kwa moyo wenye matatizo. Pili ibuprofeni inakwenda kukaa pale pale asprini inapotaka kukaa kwenye chembe sahani, kwa hiyo umempa asprini huku umeshaizuia. Tatu, na hili ndo kubwa, umemdunga nyama. Akifika spitali tukataka kumpa dawa ya kuyeyusha, ile dawa haiyeyushi bonge la moyoni tu, inafungua kila pahala palipoziba mwilini, na lile tobo la takoni linaanza kuvujia ndani ya nyama linafura. Mgonjwa wa mshtuko wa moyo dawa zake ni za mdomo au za mshipa, sindano ya nyama hapana. Nne, umemtuliza. Akitulia hapandi gari kwenda spitali, analala.

Sasa ukiulizwa umpe nini: asprini atafune hapo hapo mbele yako, umkalishe, na uwaambie waliomleta kwa ukali kuwa huyu alale spitali. Mtu akiambiwa "nenda kapime" haendi. Akiambiwa "huyu anaweza kufa usiku huu" petroli inapatikana.

MuuzaDawa

Nimekufahamu. Hilo la sindano ya nyama kabla ya ile dawa nyengine sikulijua, miaka 8 nauza.

MtuWaWete_Dar

Nimeuona uzi huu nikiwa nimechoka nataka kulala lakini sikuweza kupita. Mie ni daktari, nyumbani Wete, kazi Dar. Nesi umesema kweli tupu, naongeza upande wa spitali ili watu wajue nini cha kukitarajia, maana mgonjwa anayejua cha kuuliza anahudumiwa tofauti, hilo nimeliona kwa macho.

Ukifika tu, ECG ndani ya dakika 10. Sio baada ya kadi, sio baada ya foleni. ECG inawagawa wagonjwa makundi mawili. Kuna ambao mshipa umeziba kabisa, mstari unapanda juu kwa sura tunayoijua, hao ndo wa kuzibuliwa haraka, ima kwa waya na puto kama pana maabara ya mishipa ya moyo na mtu anaweza kufikishwa ndani ya masaa 2, ima kwa dawa ya kuyeyusha. Kwa mtu aliyopo Pemba hebu tuseme ukweli, masaa 2 kutoka Konde mpaka kwenye meza ya maabara Dar hayawezekani hata ndege ikiwa inakungoja na mbawa wazi. Kwa hiyo kwetu sie wa visiwani dawa ya kuyeyusha ndo tiba yenyewe, wala msiichukulie kuwa ni ya masikini. Kisha mgonjwa asafirishwe, apigwe picha ya mishipa ndani ya siku ya kwanza.

Kundi la pili mshipa umebana lakini haujaziba kabisa. Hao dawa ya kuyeyusha hawapewi, haiwasaidii na inawavujisha damu bure. Wanapewa za kuzuia bonge lisikue, na kipimo cha damu cha troponini, kinachoonesha kama nyama ya moyo imeumia, kinarudiwa. Nalisema hili kwa sababu kuna siku ndugu wa mgonjwa walitaka kunipiga, wamesoma mtandaoni kuna dawa ya kuyeyusha, wanaona ninawanyima.

Dawa zenyewe za kuyeyusha. Streptokinesi ndo ya zamani, inatokana na bakteria, inakwenda kwa dripu uniti milioni 1.5 kwa dakika 30 mpaka 60. Presha huwa inashuka ikiingia kasi, unapunguza mwendo unanyanyua miguu, mara nyingi inarudi. Na ukishapewa mara moja hupewi tena, mwili unaikumbuka unatengeneza kinga dhidi yake, kwa hiyo hakikisheni imeandikwa kwenye daftari la mgonjwa kwa herufi kubwa. Ya kisasa zaidi ni teneketepulesi, hii ni sindano moja ya mshipa kwa mara moja, kwa uzito: chini ya kilo 60 miligramu 30, inapanda mpaka 50 kwa kilo 90 na zaidi, na wazee wa zaidi ya miaka 75 tunawapa nusu. Urahisi wake ni mkubwa kwa pahala penye wauguzi wachache, hukai kuchunga dripu saa nzima.

Khatari yake isifichwe. Karibu mtu 1 katika 100 anaweza kuvuja damu kichwani. Ndo maana tunauliza masuali mengi wakati nyie mnaona tunachelewesha: umewahi kuvuja damu kichwani, kiharusi cha karibuni, umeanguka ukagonga kichwa, upasuaji wa juzi juzi, unatokwa na damu popote, presha ipo juu ya 180 kwa 110 na haishuki. Na maumivu yanayopasua kwenda mgongoni ghafla kama nguo inachanwa, hapo tunasimama kwanza, inaweza kuwa mshipa mkuu wenyewe umechanika na dawa hiyo itammaliza.

Pamoja nayo: asprini kama hajatafuna, klopidogreli, nayo ya kuzuia chembe sahani zisishikane, miligramu 300 (aliyepita miaka 75 anaanza na miligramu 75 tu), na enoksaparini au heparini ili mshipa ukishafunguka usijifunge tena. Atovastatini, ile ya kupunguza mafuta kwenye damu, dozi ya juu, miligramu 80, usiku ule ule au kesho yake.

Na vitu ambavyo zamani tulikuwa tunampa kila mtu siku hizi hatumpi kila mtu. Oksijeni kwa mfano. Mtu akiingia na kifua ndugu wanapiga kelele "mtieni gesi!" Kama oksijeni ya damu ni asilimia 90 au zaidi haina faida, zimefanyika tafiti Australia na Swideni hazikuona faida. Mofini kwa maumivu makali tunatoa kidogo kidogo kwa mshipa, lakini inapunguza mwendo wa tumbo na vile vidonge vinachelewa kuingia kwenye damu. Dawa za kupunguza mapigo za mshipa, tulizipenda sana, mpaka ukafanyika utafiti China wagonjwa zaidi ya 45,000, matokeo yakatoka 2005, ikaonekana zikiingizwa mapema kwa mtu ambaye moyo wake umelegea zinamtia kwenye kuporomoka kwa presha. Siku hizi tunasubiri atulie ndo tunaanza za mdomo.

Kijana_wa_Ngwachani

Dokta shukran. Baba anavyo vidonge vya kuweka chini ya ulimi, kapewa mwaka jana, je mtu mwengine akibanwa tumpe hivyo hivyo? Na kuna mtu kaniambia ukivila pamoja na vya nguvu za kiume unakufa, kweli au ni maneno ya barazani?

MtuWaWete_Dar

Ni kweli sio ya barazani. Vile ni nitrogliserini, vinatanua mishipa, maumivu yanapungua, lakini bonge havilioni. Ni dawa ya siku nyingi, kuna daktari London anaitwa William Murrell aliyaandika matokeo yake mwaka 1879. Na ni kitu kile kile kilichomo kwenye baruti ya Alfred Nobel, na Nobel mwenyewe uzeeni madaktari walimuandikia dawa hiyo kwa moyo wake.

Viagra na wenziwe nao wanatanua mishipa. Ukivichanganya presha inaporomoka mpaka mtu anazimia, na ndani ya mshtuko wa moyo presha ikiporomoka hata ile damu kidogo iliyokuwa inapita inasimama. Aliyetumia Viagra ni masaa 24 bila nitrogliserini, aliyetumia tadalafili masaa 48. Vidonge vya baba ni vya baba, usimpe jirani. Baba mwenyewe akibanwa akae chini kwanza, aweke kimoja, dakika 5 zikipita hakijamuondoa maumivu safari ya spitali imeanza. Asiweke akiwa amesimama, ataanguka.

NesiWaZamu

Hapa kwenye vidonge vya nguvu nnaomba nisimame kidogo. Yakhe wanaume wetu hawasemi. Mzee kalala kitandani, mkewe kulia, mtoto wake wa kiume miguuni, mkwe mlangoni, halafu mie nesi binti wa umri wa mwanawe namuuliza "baba umetumia dawa yoyote ya nguvu za kiume jana au leo?" Atakataa, hata kama kameza saa mbili zilizopita atakataa, nani hatakataa. Mie nawatoa wote nje, hata mke, namwambia wote nawauliza hivi hata imamu nimemuuliza, nasubiri. Kuna mmoja alinyamaza akainua vidole viwili tu. Viwili alivyomeza. Tungempa kile cha chini ya ulimi presha yake ingekwenda wapi Mungu ndo anajua.

Kwa hiyo wazee wetu mnaosoma humu kimya kimya: semeni. Hata unga wa kwenye kipakti, hata asali ya kupewa na rafiki, sema. Hatuandiki kwa wino mwekundu wala hatumwambii mtu.

Mama_Watatu

Mnazungumza kama vile ni wanaume tu. Mama yangu mwenye sukari hakuumwa kifua hata kidogo. Aliumwa taya, akadhani jino, akatapika mara mbili, akawa hana nguvu hata ya kusukutua. Tukasema kachoka na harusi, tulikuwa na harusi ya mdogo wangu, kapika siku tatu. Spitali tuliyokwenda kwanza walimpa dripu ya maji na dawa ya kutapika tukarudishwa nyumbani. Siku ya pili yake ndo akafanyiwa ECG kwengine. Mungu amrehemu. Sina suali nimetaka kuandika tu.

NesiWaZamu

Dada yangu innalillahi. Mungu amlaze pema. Hukuandika bure. Wanawake, wenye sukari na watu wazima sana huja hivyo hivyo, taya, mgongo, kutapika, pumzi, kuchoka kusikoelezeka, na kwa mwenye sukari ni kwa sababu sukari inaua mishipa ya fahamu na maumivu hayasikiki. Mama mwenye sukari anayetapika na kutoka jasho, semeni neno moja pale mapokezi: "mfanyieni ECG". Likataliwe mara mbili lisemeni mara ya tatu.

Mkoani_Bandarini

Na Ramadhani jee? Mtu kafunga, saa 8 mchana kifua, kuna wazee nnaowajua mie hawatafuni kitu hata ukiwaambia watakufa.

Maalim_wa_Konde

Hili nalijibu mie. Mgonjwa anayeogopewa maisha yake anafungua, na deni lake analipa baadae akipona, na asiyeweza tena ana fidia. Kuihifadhi roho ni katika makusudio makubwa ya sheria. Mzee akikataa mwiteni mtu anayemsikiliza, imamu wa mtaa wake, kwa simu, aambiwe na yeye. Na nyie vijana msipoteze nusu saa kubishana naye, huku mmoja anazungumza naye mwengine awe analeta gari. Na mie niseme kwa upande wetu sie tunaoitwa kusoma: mtu akiniita kwa mtu anayebanwa kifua mie nitasoma, lakini nitasoma ndani ya gari.

NesiWaZamu

Maalim Allah akuzidishie. Hilo la ndani ya gari nalichukua.

Kijana_wa_Ngwachani

Kuhusu gari, mzee akishafika spitali na pale hakuna hiyo dawa ya kuyeyusha tufanyeje?

NesiWaZamu

Uliza pale pale, kwa adabu lakini usiondoke mlangoni: "dawa ya kuyeyusha ipo hapa? Kama haipo ipo spitali gani?" Waambie wapige simu kabla mgonjwa hajaondoka, asifike kule akaanza foleni upya. Mambo mengine madogo madogo: asitembee mwenyewe kwenda garini, abebwe. Asipandishwe nyuma ya bodaboda hata kama ndo usafiri pekee ulio karibu, tafuta gari. Chukueni dawa zake zote za nyumbani mtie kwenye mfuko. Na saa. Yaandikeni maumivu yalianza saa ngapi na asprini kapewa saa ngapi. Daktari ataanzia hapo kabla ya jina lake. Kwa ami yangu kila mtu alikuwa na saa yake, mmoja anasema magharibi mwengine anasema baada ya isha, tulipoteza dakika kwa hilo tu.

MuuzaDawa

Naripoti. Nimeweka asprini 300 kwenye kikopo mbele ya kaunta na karatasi nimeandika kwa mkono dalili zile za taya na jasho. Wateja wanaiuliza. Wawili tayari wamedhani ni ya kila siku ya kuzuia, nimewakatalia nikawaambia mpaka daktari awaandikie.

MtuWaWete_Dar

Umefanya vizuri sana kuwakatalia. Mtu mzima asiyekuwa na ugonjwa wa moyo kuila kila siku bila kuandikiwa anaweza kuvuja damu tumboni bila faida. Ile ya dharura ni jambo jengine.

Kijana_wa_Ngwachani

Wiki tatu zimepita tangu niulize humu. Juzi usiku ni khalu yangu, ndugu yake mama, sio baba. Saa 5 na dakika 10. Kifua, jasho, mkono. Nilikuwa nimelala wakaniamsha, nikamtafunisha asprini saa 5 na robo, nikakosa karatasi nikaandika kwa kalamu kiganjani mwangu, 5:10 na 5:15. Tukambeba kwa mkeka mpaka garini. ECG ya kwanza wakasema sio mbaya sana, mie nikataka kushukuru turudi, khalu mwenyewe anataka kurudi, lakini daktari akasema tunarudia baada ya dakika 20 maana bado anaumwa. Ya pili ikawa imebadilika. Akaniuliza saa, nikamuonesha kiganja. Wakatutoa nje kama nesi alivyosema, sijui walimuuliza nini. Dawa ya kuyeyusha iliingia saa 7 kasoro. Saa 8 akasema kile kitu kimeondoka kifuani, akaomba maji.

Tunangoja ndege asubuhi hii, tupo uwanja wa Chake. Wameniandikia barua yote na jina la dawa kwa herufi kubwa. Nesi nilisahau kuuliza, ndani ya ndege anaruhusiwa kula?

NesiWaZamu

Alhamdulillah, alhamdulillah. Kula kidogo na maji kidogo sawa, lakini mpigieni simu kwanza daktari aliyetoa rufaa, maana wakifika Dar wakitaka kumtia waya siku hiyo hiyo pengine watataka tumbo jepesi. Na akichubuka popote, fizi zikitoka damu, kichwa kikimuuma ghafla au akianza kusema ovyo, mwambie nesi mnayesafiri naye pale pale. Hicho kiganja usikioshe mpaka wakinakili kule.